Saa Mia Sita za Baridi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwenye kikao cha mazao, na nimechelewa.

Kabla sijaendelea, mjue nilikwenda kulala na hasira. Jana alasiri shemeji yangu Yoramu, mdogo wake mume wangu, alisimama shambani kwangu akaunyooshea panga mti wangu wa epo, yaani tufaha. "Shemeji, huu kesho saa moja asubuhi nauangusha. Miaka mitatu hauzai. Hapa tunapanda parachichi."

Mti huo nilikuja nao mwenyewe nilipoolewa huku Makete, mche mmoja ndani ya kopo la maziwa, zawadi ya mama yangu. Ndicho kitu pekee katika shamba lile ambacho hakuna mtu wa ukoo wao anayeweza kusema alinipa. Mume wangu, Baba Edina, ni mtu wa amani. Likizuka neno zito, anakwenda kuangalia nguruwe. Jana aliwaangalia mpaka giza likaingia. Mimi nikanyamaza kwa heshima ya ukoo, nikalala na neno langu limenikaa kooni.

Basi, kikao.

Ukumbi wenyewe hauna viti. Una ngazi, na kila ngazi imeandikwa namba. Mwenyekiti ni Kipimajoto, bwana mrefu mwembamba wa kioo, mwenye mstari mwekundu unaopanda kutoka miguuni. Akikasirika, mstari unafika shingoni.

"Kila zao likae kwenye nyuzi zake," anasema.

Kabichi amekaa kumi na tano, kavaa nguo juu ya nguo. Namwashiria asogee nipite. "Siwezi, mama," anasema. "Nikipanda juu nafunguka, na nikishafunguka sifungi tena." Nyanya yuko ishirini na nne, kashika ua mkononi, anajipepea. Mtu mmoja nyuma anafungua dirisha, upepo wa moto unaingia, Nyanya anaachia ua lake. Linaanguka sakafuni. Hakuna anayeshtuka.

"Ndivyo nilivyo," ananiambia. "Joto likizidi siwezi kushika kitu."

Parachichi kakaa kwa kujinafasi, ngazi tatu peke yake, anang'aa mafuta. "Karibu, mama," anasema, utadhani ukumbi kajenga yeye.

Mti wangu umesimama mlangoni. Macho mekundu, majani yanatetemeka.

"Mbona hukai?" nauliza.

"Nikae wapi?"

Natazama chini. Kweli, ngazi zote kuanzia saba kushuka zimeng'olewa. Limebaki shimo.

"Mama Edina," mti unasema, "sijalala miaka mitatu."

"Kisa nini?"

"Usiku kuna joto. Zamani Juni ikifika baridi ilinibana, nikapukutisha majani, nikalala. Nikiamka natoa maua. Sasa baridi hakuna. Na wewe kila jioni unakuja na ndoo ya maji. Hivi mtu anayegongewa kila jioni aamke anywe maji, atalala saa ngapi?"

Hapo alinichoma. Maji yale nilikuwa nayabeba mwenyewe kutoka mtoni, kichwani, mlima wote ule. Niliona kiangazi kimeingia nikasema jamani, mwanangu asife na kiu. Kumbe huruma yangu ndiyo iliyomkosesha usingizi. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini shimo lilikuwa tayari limepasuka na hakuna aliyelishangaa.

"Unahitaji kulala saa ngapi?"

"Mia sita. Za baridi tupu."

Mwenyekiti anagonga meza. "Zao lisilo na ngazi linafutwa. Panga saa moja asubuhi. Tuendelee na ajenda nyingine."

"Hatuendelei," nasema.

"Mama, kaa chini."

"Sikai. Baridi yuko wapi?"

Mazao yanatazamana. Karoti anainamisha kichwa. "Yuko senta," anasema polepole. "Dukani."

Nafungua mlango wa ukumbi na niko ndani ya friji la soda. Sijui nimeeneaje humo, na wala halinishughulishi. Baridi amejikunja katikati ya chupa, magoti kidevuni, jibaba zima lenye koti jeupe na nyusi za barafu.

"Kamwene," namsalimia, maana adabu haiachwi hata ndani ya friji.

"Kamwene," anaitika kinyonge.

"Unafanya nini humu?"

"Ndipo ninapoishi. Huko nje pananiunguza. Na nyie wenyewe mlinifukuza. Kila Juni matusi. Baridi gani hii, baridi la kishetani, litatumaliza. Nilikuwa nasikia yote."

"Kwa hiyo umesusa."

Anakwangua barafu ukutani kwa kucha.

"Mtu mzima na koti lako, umesusa! Mimi nasemwa na ukoo mzima tangu siku niliyoolewa. Umewahi kunikuta ndani ya friji?"

Anafikiri. Anafikiri kweli, anahesabu kwa vidole. "Hapana," anasema.

"Basi toka."

"Nina masharti. Siingii kwenye kitu kilichovaa, na mti wako umejaa majani. Halafu siji kukaa peke yangu. Lazima awepo mtu wa kunivumilia mpaka saa ya mwisho, bila blanketi."

"Nitakuvumilia. Nyanyuka."

Namkamata mkono wa koti, namvuta. Chupa zinaanguka, moja inasema "pole, mama," tunatoka.

Tumetokea shambani na jua liko utosini. Naanza kuuvua mti majani, moja moja, kuanzia chini, kama mama yangu alivyokuwa akiifanyia miti yake kila mwaka. Mimi nikaona ni ukatili, nikaacha. Mti unalalamika kama binti anayesukwa.

"Unanivuta!"

"Tulia."

"Hapo panauma!"

"Ukitaka uzuri sharti udhurike. Geuka."

Unageuka.

Nimebakiza tawi moja tu, mwenyekiti anachomoza kwenye matuta ya viazi. Mstari umemfika shingoni. "Nyuzi ishirini na nane!" anapiga kelele. "Nakataza! Baridi, rudi ulikotoka!"

Nyusi za Baridi zinaanza kudondosha maji. Anarudi nyuma hatua moja, anatazama njia ya kwenda senta.

Lahaula! Hapo uvumilivu ukaniishia. Yoramu nilimnyamazia kwa sababu ni shemeji. Mtu wa kioo ni nani kwangu?

"Sikiliza wewe," nasema. "Kazi yako ni kusoma joto. Nani kakupa kazi ya kuhukumu mti wangu?"

"Mimi ni mwenyekiti!"

Nikamshika kichwa, nikamkung'uta, vile manesi walivyokuwa wakikikung'uta kile kipimo cha homa kabla hawajakubandika kwapani. Mstari ukashuka kutoka shingoni.

"Ishirini!" akalia.

"Bado."

"Kumi na mbili!"

"Bado, nimesema."

"Nne! Mama, nne, inatosha!"

Nikamsimamisha chini, nikampangusa vumbi. "Kaa hapo hapo kwenye nne. Ukipanda hata nukta, tutaonana."

Anakaa. Jua linafifia kama koroboi iliyoishiwa mafuta. Namalizia tawi la mwisho. Baridi anavua koti lake, analitandaza juu ya matawi matupu, na mti unapiga mwayo mrefu, mwayo wa miaka mitatu.

Naketi shinani na kitenge kimoja tu. Saa zinaanza kupita. Zinapita kwa miguu, zimepanga foleni kwenye kijia cha shamba, na kila moja inasimama mbele yangu, inasema, "Kamwene, mama." Na mimi naitika, "Kamwene," maana salamu isiyoitikiwa ni tusi. Mia moja zinapita. Mia tatu. Meno yanagongana, vidole sivisikii tena. Blanketi langu linakuja likitembea lenyewe, linaniinamia sikioni.

"Jifunike kidogo tu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Potea."

Linapotea, linaburuza pindo.

Saa ya mia sita ni kikongwe. Inachechemea, inapumzika kwenye kila tuta, inauliza habari za watoto, za nguruwe, za viazi, na zote najibu nikitetemeka. Mwisho inasema, "Haya, kamwene." Naitika kwa sauti kubwa, na sauti yangu mwenyewe ikaniamsha.

Kumekucha zamani. Jua liko juu ya paa la jirani, kitanda kina mimi peke yangu. Kutoka shambani nasikia sauti ya Yoramu. Shemeji yangu huyu akikusalimia tu, kijiji cha pili wanaitika.

"Shemeji! Njoo! Njoo uone mambo!"

Nikatoka mbio miguu mitupu. Mti ulikuwa umesimama, namshukuru Mungu, na Yoramu kausimamia na panga mkononi. Alikuwa ameweka kiganja kwenye shina ajishikize apige pigo la kwanza, akakitoa kama mtu aliyeshika jiko.

"Hili shina lina nini?"

Nikainama. Pale matawi yanapogawanyika palikuwa na ukoko mweupe, mdogo, wa kuenea kiganjani. Jua la asubuhi lilikuwa linaupiga na hauyeyuki.

"Jalidi," nikasema. Yaani umande ulioganda. Hapa kwetu jalidi mara ya mwisho kuiona, Edina alikuwa bado ananyonya, na sasa Edina anajua kuosha vyombo.

"Jalidi na joto hili?"

Kabla sijamjibu, jani moja likadondoka. Upepo haukuwepo. Likadondoka la pili, likamwangukia begani. Mti ambao haukupukutisha majani miaka mitatu.

"Unakufa huo," Yoramu akanguruma, akainua panga. "Nilisema mimi! Unakufa wenyewe!"

Nikajiweka kati yake na shina. Neno lililonikaa kooni tangu jana lilitoka bila kutetemeka.

"Haufi. Umelala. Na aliyelala usimwamshe, shemeji. Ukimwamsha, utalala wewe."

Akanitazama. Akalitazama panga lake, akaitazama ile jalidi. Jani la tatu likaanguka katikati yetu. Nikaweka kidole mdomoni, nikamwonyesha: shhh.

Tangu niolewe sijawahi kumsikia Yoramu akinong'ona. Leo alinong'ona. "Mpaka lini, shemeji?"

"Mpaka uamke wenyewe. Parachichi kapande kwako."

Akalikumbatia panga kifuani lisije likagonga jiwe, akapita katikati ya matuta kwa kunyata, kidole kwa kidole, mpaka barabarani.