Maksi Sabini na Nne

Mwalimu Nyaga alikuwa amehukumu mashindano ya muziki ya shule mara tatu tu maishani, na mara zote tatu zilikuwa ngazi ya wilaya, huko Embu. Lakini Texas ni mbali, na hakuna wa kuuliza. Katika kwaya ya Misa ya Kiswahili kule Fort Worth watu walimwita jaji, na jina lenyewe hakulikataa. Akisimamisha wimbo katikati na kuinamisha kichwa, kwaya nzima ilijua kuna mtu atakayeona cha mtema kuni.

Ndiyo maana Capitoline alimfuata yeye, wala si padri. Capitoline alikuwa mjane wa Kirundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kule Kigoma, na sasa alifua mashuka katika hoteli moja mjini. Binti yake, Amandine, aliyeingia kwaya ya Nyaga akiwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa Houston akisomea uuguzi, na bado mwaka mmoja amalize. Kampuni ndogo ya opera ilikuwa imemsikia akiimba, ikampa sehemu fupi katika onyesho lake, kisha ikamwambia kwamba akitaka, kuna nafasi ya kufundishwa miaka miwili. Ila ilikuwa kazi ya kutwa, na uuguzi ingebidi auache. Walitaka jibu Jumatatu asubuhi.

"Mimi sijui opera," Capitoline alimwambia nje ya kanisa. "Watu wote wananiambia mtoto anaimba vizuri, kwa sababu ni watu wazuri. Wewe twende Jumapili umsikilize. Ukisema anaweza, nitamwacha aende. Ukisema hawezi, atabaki darasani. Mwenyewe amekubali kwamba neno lako ndilo la mwisho."

Nyaga alivimba kichwa wiki nzima. Usiku wa Jumamosi alikuwa na zamu katika nyumba ya kutunzia wazee kule Mesquite, na mkewe, Kanana, akamshauri abadilishane na mtu. Akakataa. Alisema mtu aliyewahi kusikiliza shule arobaini kwa siku moja, tumboni ana chai tu, hawezi kushindwa na msichana mmoja. Akatoka kazini saa moja asubuhi, akaoga, akavaa suti yake ya kijivu, akamchukua Capitoline Fort Worth, wakashika njia ya Houston. Muda wote huo wa zaidi ya saa nne alimfundisha mama wa watu habari za opera, ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameiona kwenye simu tu.

Onyesho lilianza saa nane mchana. Nyaga alitoa kalamu, akageuza karatasi ya ratiba na kuchora mistari nyuma yake: sauti, pumzi, matamshi, uigizaji. Pazia lilipofunguka alishangaa kwamba waimbaji hawakuwa na maikrofoni hata moja, na bado sauti zilifika hadi viti vya nyuma. Mshangao huo haukumzuia kuhukumu. Mwanamume mwenye sauti nene alimpa sitini na tano, kwa sababu alisimama kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mwanamke aliyeigiza bibi wa nyumba alipata themanini, kisha akakatwa tano kwa kupepesa macho. Matamshi yao aliyapa kumi na mbili juu ya ishirini, ingawa waliimba Kiitaliano na yeye hajui Kiitaliano cha kuombea maji. Kila alama alimnong'onezea Capitoline, mpaka mzee aliyekaa mbele yao akageuka na kuwatazama.

Wakati wa mapumziko angeweza kwenda kutafuta kahawa. Hakwenda. Alikuwa anamweleza Capitoline kwa nini pumzi ndiyo kila kitu.

Sehemu ya pili taa zilipozimwa, kiti kilikuwa laini na ubaridi wa ukumbi ulikuwa mtamu. Amandine angeimba peke yake mara moja tu, dakika kama nne. Alikuwa mtumishi aliyetumwa kufunga madirisha ya nyumba ambayo wenyewe wanaihama. Nyaga alimwona akiingia na aproni nyeupe na bunda la funguo. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, akapigia mstari. Violini zikaanza taratibu.

Kilichomwamsha ni makofi.

Hayakuwa makofi ya adabu. Baadhi ya watu walikuwa wamesimama, na mzee yule wa mbele alikuwa amevua miwani anajipangusa. Amandine alikuwa ameshatoka, na wenzake walioingia jukwaani walisubiri makofi yaishe. Nyaga alitazama karatasi. Chini ya jina la Amandine kalamu ilikuwa imeteleza ikachora mstari mrefu hadi ukingoni. Aliikunja karatasi upesi, akamtupia Capitoline jicho la pembeni. Capitoline alitazama mbele, mikono mapajani, mashavu yamelowa. Hakugeuka. Nyaga akashukuru kwamba hakuonekana.

Onyesho lililobaki hakulisikia, ingawa sasa alikuwa macho kuliko mlinzi. Alitafuta la kusema. Lilikuwepo neno moja tu la kweli, nalo ni nililala, lakini kila alipolifikisha ulimini alijiona amevaa suti ya kijivu, ameitwa hadi Houston kama jaji, na aibu ikamziba mdomo. Akajiambia kwamba anaijua sauti ya mtoto huyo tangu utoto, na kwamba hukumu ya wastani haijawahi kumuumiza mtu.

Nje ya ukumbi, kwenye ukumbi wa mapokezi, Capitoline alimuuliza moja kwa moja, macho yake yakiwa sakafuni. "Haya, Mwalimu. Unasemaje?"

"Sabini na nne," Nyaga akasema. "Sauti iko. Lakini pumzi haijakomaa. Pale mwisho anakatika."

Ni maneno aliyokuwa amewaandikia watoto wengi tu wa Embu, pale ambapo hakukumbuka nani aliimba nini. Yalitoka bila kujikwaa, na hilo ndilo lililomtisha.

Amandine akaja mbio, bado ana aproni na rangi ya jukwaani usoni. Akamkumbatia mamake, akampa Nyaga mkono kwa heshima, huku akipiga goti kidogo kama alivyofunzwa. Capitoline akamweleza: sabini na nne, pumzi haijakomaa, bora amalize uuguzi kwanza. Uso wa msichana ulishuka. Akamgeukia Nyaga.

"Pale mwisho nilikatika, Mwalimu?"

Hapo ndipo angeweza kujiokoa. Mzee mwenye miwani alikuwa anapita, akamshika Amandine bega, akajaribu kusema kitu, akashindwa, akaenda zake. Nyaga aliona yote hayo.

"Kidogo," akasema.

"Sawa," Amandine akajibu. "Nitawaandikia leo kwamba sitakuja." Akamshukuru kwa kuja kutoka mbali hivyo, akasema anatarajiwa na shangazi yake kule Gulfton, akaenda kuvua nguo za jukwaani.

Walirudi jua likiwa bado juu. Capitoline hakusema neno hadi wakaupita mji wa Huntsville, na Nyaga alidhani ni huzuni ya mzazi. Ile "kidogo" haikumtoka akilini. Uongo wa kwanza angeweza kuusingizia uchovu. Wa pili aliutoa macho makavu, mtoto amemtazama usoni anaomba kujua, na hakuwa na wa kumsingizia. Alijichukia jinsi ambavyo hakuwahi kujichukia tangu azaliwe. Maili chache mbele akaingia kituo cha mafuta, akaegesha kando ya pampu, asijaze chochote.

"Mama Amandine, kuna kitu lazima nikuambie. Hiyo wimbo sikuisikia. Nilikuwa nimetoka night, nikalala. Maksi nilitunga."

Alisubiri kutukanwa. Alitamani kutukanwa.

"Najua," Capitoline akasema.

"Unajua nini?"

"Ulikoroma kabla hajafungua mdomo. Nilikugusa na kiwiko mara mbili." Alikuwa anakunjakunja ncha ya kitenge chake. "Mara ya tatu nikaacha. Nikasema, akiamka hajui kitu ataogopa kusema mtoto anaweza. Na ukasema hivyo hivyo. Nikamshukuru Mungu. Mtoto nimemtoa kambini mgongoni, Mwalimu. Nilitaka awe na kazi inayoeleweka. Nilitaka mtu mwingine ndiye amkatalie, si mimi."

Akaanza kulia. Walikaa hivyo, watu wazima wawili wenye heshima zao kanisani, kila mmoja akitazama dirisha lake.

"Ameshaandika?" Nyaga akauliza.

"Sijui."

Akapiga simu, akaiweka sauti ya juu ili wote wawili wasikie. Amandine alipopokea, Nyaga alimwambia bila kuzunguka: alilala, hakusikia hata mstari mmoja, kila alichosema alikitunga.

"Mwalimu, unasema hivyo kwa sababu Mama analia?"

"Analia, lakini si kwa sababu hiyo."

"So niamini ipi? Nimekaa hapa tangu nifike, najaribu kukumbuka nilikatika wapi. Nimeimba tena chooni kwa shangazi, slowly, nikitafuta hapo mahali."

"Sina cha kukuambia uamini," Nyaga akasema. "Niliona aibu kusema nililala, basi. Usiniulize mimi tena. Muulize mama yako. Yeye alikuwa macho."

Capitoline aliipokea simu, akaitazama, akapangusa pua.

"Uliimba vizuri mpaka nikaogopa," akasema. "Hukukatika, mwanangu. Uliishika hadi watu wakasimama. Nilimwona Mwalimu amelala na nikanyamaza, kwa sababu nilijua akikusikia utakwenda. Umeshawaandikia?"

"Bado. Nimeandika half."

"Futa. Waandikie unakuja."

Upande wa pili Amandine alikuwa naye ameanza kulia, na mama na binti wakahamia Kirundi, ambacho Nyaga hakukielewa. Akashuka, akafunga mlango polepole, akasimama juani na suti yake mpaka walipomaliza. Mwendo wote uliobaki hakuna aliyemuuliza maoni yake juu ya kitu chochote, naye hakuyatoa.