Pengo la Upana wa Kidole

Shemeji yangu, mume wa dada, mtaa mzima unamwita Mkurugenzi. Hajawahi kuongoza kitu kikubwa kuliko rimoti ya televisheni, lakini kitambi cha cheo anacho, na ana namna yake ya kukohoa kabla ya kusema, watu wakanyamaza wakidhani la maana linakuja. Haliji.

Yeye ndiye aliyeiua injini ya pikapu, na kwa hili sipepesi macho. Pikapu ni ya dada. Ndiyo inayobeba viti na maturubai anayokodisha, na viti na maturubai ndivyo vinavyomlisha yeye, watoto wake na huyo Mkurugenzi, ambaye kwa kula hana mpinzani. Siku hiyo aliiazima kwenda kumsalimu rafiki. Njiani mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho, boneti ikaanza kutoa mvuke kama sufuria ya maharage, na bwana mkubwa akazidi kukanyaga mafuta. Kisa? Alikuwa anapita mbele ya kijiwe anapofahamika, hakutaka aonekane kando ya barabara na ndoo ya maji. Injini ya dizeli ina uvumilivu kama mke, lakini hata mke huchoka. Ikajikamata palepale, mbele ya kijiwe chenyewe.

Dada hakugomba. Akatafuta injini nyingine iliyotumika, akainunua pamoja na gia boksi yake, maana ile ya zamani nayo ilishaanza kulia kila ukiingiza gia ya tatu. Kisha akamwita fundi wa pale kona. Fundi akaja, akafunua boneti, akanusa, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Nani aliyeipika hii?"

Mkurugenzi akakohoa. Jioni ile ile fundi akaambiwa asirudi, hana adabu.

"Nitaifunga mwenyewe," Mkurugenzi akatangaza. "Injini ni bolti na mipira ya maji tu. Nimeona kwenye simu."

"Mume wangu, Jumamosi nina mahafali ya chuo cha wauguzi," dada akamwambia. "Mkuu wa chuo kasema nikifika mapema na vitu safi, shughuli zao zote za mwaka ni zangu. Nisipofika anampa Malkia wa Viti."

Huyo Malkia ni mama wa mtaa wa pili, mpinzani wa dada katika biashara. Walikuwa hawasalimiani tangu alipowatangazia wateja kwamba viti vya dada vina kunguni. Viti vya plastiki! Kunguni wa wapi hao, waliozoea kulala kwenye plastiki?

"Ijumaa mchana utasikia inanguruma," Mkurugenzi akajibu. "Wewe andaa chakula cha wageni."

Wageni wa nini? Mimi nilidhani gari linatengenezwa, kumbe kuna hafla. Ijumaa asubuhi uani palijaa. Mkurugenzi alishusha viti vya dada vilivyokuwa vimeoshwa tayari kwa mahafali, akavipanga mistari kuelekea pikapu, mbele kabisa wakakaa rafiki zake wawili. Mmoja tunamwita Shahidi, kwa sababu hakuna jambo lililowahi kutokea duniani asilokuwepo. Wa pili ni Mshauri. Alifilisika na duka la vipuri, kisha na genge la mboga, na sasa anashauri. Majirani nao walikuja, na mama mkwe wa dada, na shangazi yake Mkurugenzi ambaye husinzia popote anapowekwa. Mimi nilikuwa na birika la chai, kwa hiyo sikupitwa na neno.

Niseme kweli, kuitoa injini iliyokufa Mkurugenzi na wenzake hawakuchelewa. Kutoa kitu kila mtu anajua. Waliunganisha nguzo za chuma za turubai zikawa kama miguu mitatu, wakaning'iniza winchi ya mnyororo, injini ikapanda ikichuruzika mafuta juu ya kiti cha mbele, kiti cheupe. Hakuna aliyekiondoa. Ile nyingine ikashuka mahali pake, wakaifunga. Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akainua mkono, mtu angedhani amezaa.

Shida ikaanza kwenye gia boksi. Gia boksi ina shafti inayochomoza mbele kama ulimi. Ulimi huo lazima upite katikati ya sahani ya klachi, ukaingie kwenye beringi ndogo nyuma ya injini. Sahani ikiwa imefungwa kombo, hata kwa unene wa ukucha, shafti haipiti. Dawa yake ni kulegeza klachi, kuiweka sawa na kuanza upya. Hilo hata mimi nalijua, na mimi sijawahi kushika spana ila kumpigia panya.

Walikuwa chini ya gari na jeki, wanasukuma, wanahema, wanatukana chuma. Gia boksi ikasogea, ikakwama. Kati yake na injini likabaki pengo la upana wa kidole.

Dada akainama akaliangalia. "Mbona haijafika?"

"Imefika," Mkurugenzi akasema kutoka uvunguni.

"Kidole changu kinaingia hapa."

"Basi kitoe kidole! Bolti zitavuta."

"Ikivutwa na bolti si itapasuka? Legezeni klachi kwanza, muiangalie."

Shahidi akacheka. "Shemeji, mimi nimeona kwa macho yangu gia boksi ya lori la tani kumi ikivutwa hivyo hivyo. Bolti nne tu, ikajaa tuu!"

"Lori la nani?" nikamuuliza.

"Humjui."

"Nikimjua?"

"Amekufa."

Hapo Mshauri akasimama, akakung'uta suruali, akasema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nahitaji kukaa. "Ndugu zangu, tusigombane. Sisi ni watu waungwana. Tupige kura."

Na wakapiga. Wallahi wakapiga! Watu wazima, wenye ndevu, wengine wenye wajukuu, wakanyoosha mikono kuamua kama shafti imeingia au haijaingia. Wa kuvuta na bolti, mikono ikajaa hewani. Wa kulegeza klachi, dada peke yake, na yule shangazi aliyeshtuka usingizini. Shangazi alikuwa amenyoosha mara zote mbili.

"Wengi wape," akasema Mshauri.

Mkurugenzi akajilaza tena uvunguni na spana. Akakaza huku, akakaza kule. Pengo likaanza kupungua, naye akaanza kuhutubia kutoka chini kuhusu wanawake na mashine. Chuma kikalia, akaongeza bomba kwenye mpini wa spana apate nguvu.

Ka!

Kipande cha mdomo wa gia boksi kilianguka kwenye zege, kikasota mpaka miguuni kwa mama mkwe.

"Chuma cha siku hizi," akasema Mkurugenzi.

Dada akakiokota kile kipande. Nilitegemea alie au amrushie mumewe, na kama angemrushia mimi ningesema sikuona. Akakiweka tu juu ya bampa, akaingia ndani na simu.

Wapiga kura sasa! Mmoja akakumbuka ameacha maji jikoni. Mwingine mtoto wake anaumwa, na mtoto mwenyewe alikuwa amekaa hapo anakula wali. Mshauri alishauri tupumzike, akaondoka na sahani yetu.

Jua lilikuwa bado kali kilipoingia kilori cha rangi ya samawati. Akashuka Malkia wa Viti mwenyewe, mikono kiunoni. Dada kamwita huyu? Kati ya watu wote? Nikajua leo tutachambwa mpaka mifupa.

Malkia akapita bila salamu, akainama chini ya pikapu, akakaa huko kidogo.

"Waliivuta na bolti?"

"Waliivuta," dada akajibu.

"Kwa kura," nikaongeza.

Malkia akacheka mpaka akashika bodi ya gari. "Wangu hakupiga hata kura! Aliivuta peke yake, akaipasua, akaniambia ni chuma cha siku hizi."

Dada naye akaangua kicheko, kicheko kibaya kinachotoka na machozi, wakashikana mabega kama waliozaliwa tumbo moja.

"Kazi yako, gari langu," Malkia akasema. "Siku nikipungukiwa maturubai naja kwako, na mafuta tunachangia."

"Na kunguni wangu?"

"Shoga, kunguni niliwatunga mimi. Niletee kitambaa tufute haya mafuta kwenye viti."

Asubuhi tulifika chuoni kabla ya mlinzi kumaliza kufagia. Mkurugenzi alikuja juu ya mzigo, amevaa shati la mikono mirefu, kwa maelezo kwamba anakwenda kusimamia. Kilori kiliposimama alichukua kiti cha kwanza kilichoshuka, akakiweka kivulini, akakalia, mguu juu ya mguu. Sisi wanawake na vibarua tukaanza kupakua.

Mkuu wa chuo akatokea, mama mfupi mwenye miwani, akafurahi kuona tumewahi. Macho yake yakatua kivulini. Akamwendea kwa heshima, mkono mbele.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye mwenye kampuni?"

Mkurugenzi akajiweka sawa, akafungua mdomo.

"Huyo ni kibarua," dada akasema, wala hakuacha kufunga kamba ya turubai. "Baba, inuka. Kiti hicho ni cha wageni. Kabebe."

Mkuu wa chuo akarudisha mkono wake. Mkurugenzi akatuangalia mmoja mmoja, akatafuta wa kumuunga mkono, akaona vibarua wanasubiri apishe njia. Akainuka.

Akabeba. Viwili viwili, wakati wenzake walibeba sita.