Mapigo Mia na Thelathini

“Ongeza,” Kiranja aliniamuru akiwa juu ya mashine ya kukimbilia. Barakoa iliyopima pumzi yake iliifanya sauti itoke kama ndani ya pipa, lakini amri ilikuwa ile ile.

Alikuwa kiranja mkuu wa bweni letu nilipoingia kidato cha kwanza. Alitukimbiza uwanjani alfajiri, na hakuna aliyethubutu kusimama kabla hajaruhusu. Silalamikii malezi hayo, ndiyo yaliyoninyoosha. Miaka mingi baadaye aliingia katika chumba changu cha mazoezi ya wagonjwa wa moyo, wiki chache baada ya moyo wake kumwangusha ofisini, na hesabu yake mkononi: mia mbili na ishirini, toa umri, chukua asilimia themanini. Mapigo mia na thelathini kwa dakika. Alitaka kuanza kukimbia kesho yake.

“Hayo ni makisio, kaka,” nilimwambia. “Tena unameza vidonge vinavyopunguza mapigo. Kwanza nikupime.”

“Unipime kama suti? Haya, fundi, leta futi yako!”

Mkewe, aliyekuja naye, alicheka. Sasa, kando ya mashine, alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Mkanda ulizidi kuinuka. Mapigo: mia na nane. Kwa hesabu yake, hapo alikuwa hajaanza kazi. Lakini pumzi ilikuwa imempaa, jasho la baridi lilimtoka, na kwenye skrini mstari wa moyo ulianza kuzama pale ulipopaswa kunyooka, dalili kwamba moyo unakosa damu.

“Kifua kinabana?”

Alitikisa kichwa kukana. Ngumi ya kushoto ilikuwa imekazwa.

“Sijafika! Ongeza, we mtoto!”

Mgongo wangu ulinyooka wenyewe, kama zamani. Kisha nikabonyeza kitufe chekundu cha kusimamisha mashine.

Tulimkalisha. Daktari wa zamu alimwekea dawa chini ya ulimi, na sote tukautazama mstari ule, ambao haukuwa na haraka ya kurudi mahali pake. Hatimaye ulirudi.

“Mwisho wako ni mapigo tisini na tano, chini ya pale moyo ulipoanza kulalamika,” nilimwambia. “Utatembea tu, mpaka nikupime tena.”

Alijifuta jasho usoni.

“Na ngazi za nyumbani?”

“Polepole. Ukifika katikati, pumzika.”

“Mbele ya watoto?”

“Mbele ya watoto, kaka.”

Kamba ya kiatu chake ilikuwa imefunguka. Mkewe akaweka mkoba chini, akainama kuifunga. Kiranja alitazama ukutani, akamnyooshea mguu.