Tende ya Kwanza

"Fungua kinywa, bwana mkubwa, usijifanye hunijui," Mwanakombo alimwambia mjukuu wake, aliyekuwa na saa nne tu duniani. Akaitafuna tende mpaka ikalainika, akaichota kwa kidole na kumpaka mtoto kaakaani. Mtoto akakunja uso, akaonja, akanyonya. Chumba kizima kikacheka.

Kijiji kizima cha Mtawanya kiliamini kinywa cha yule bibi. Watoto kumi na tisa alikuwa amewafanyia tahniki hiyo ya kuonjeshwa tende, hakuna aliyewahi kulala na homa; na wapo walioapa kwamba mbuzi aliyemeza kokwa aliyoitema bibi huyo aliacha wizi wa mihogo mpaka siku ya kuchinjwa kwake.

"Na huo mdomo?" jirani yake Halima aliuliza, akiyatazama malengelenge yaliyojipanga pembeni mwa mdomo wa chini. "Umebusiana na siafu?"

"Korosho, shoga. Mimi na korosho tuna ndoa isiyo na talaka."

Nani angebisha? Miaka thelathini ya kubangua korosho, mafuta ya maganda yalikuwa yameila ngozi yake hata alama za vidole zikafutika. Mashine ya vitambulisho ilimkataa mara tatu, karani akamuuliza kama yeye ni mtu au mzimu.

Siku ya tisa mtoto, waliyemwita Mgeni, alikataa ziwa. Siku ya kumi mkono wake wa kushoto ukaanza kurukaruka wenyewe, kama unaita mtu. Rehana, mama yake, akamkimbiza hospitali, mkwewe Mwanakombo akihema nyuma.

Baada ya siku mbili za dripu, Daktari Joshua alimwita bibi pembeni.

"Mama, ni virusi vya malengelenge. Kwa mtu mzima ni kidonda cha mdomo tu, kinapita. Kwa mtoto mchanga vinaingia kwenye damu, vinaishambulia mishipa ya kichwani. Mingine imeziba, mingine inavuja. Upande mmoja wa ubongo umekosa damu."

"Atapona?"

"Akiishi, sijui kama atatembea."

"Sasa vimetoka wapi vitu hivyo?"

Daktari alilitazama gaga la kidonda mdomoni mwa bibi.

"Hiki cha korosho," Mwanakombo akawahi. "Kila mwaka kinanitoka, hapahapa."

"Hapahapa?"

"Hapahapa, baba."

"Mafuta ya korosho yangekuunguza leo hapa, kesho kule. Yasingerudi palepale kila mwaka." Alishusha sauti. "Mtoto alipewa mate ya mtu?"

Mwanakombo alijishika kidevu. Akakitazama kidole chake cha shahada, kilekile kilichompaka mtoto tende.

"Mama yake lazima ajue," daktari akasema. "Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

"Mimi."

Rehana alikuwa ameketi kwenye benchi la nje ya wodi, chai na mkate vikiwa pajani. Macho yalikuwa makavu kama ya samaki wa kuanikwa.

"Mama, nesi ameniuliza maswali ya aibu. Eti ugonjwa huu mara nyingi mtoto huupata kwa mama anapozaliwa. Eti mume wangu ana tabia gani." Akaitua simu kwenye benchi. "Nimempigia Faraji. Nimemwambia asikanyage hapa. Amelia kama mtoto, anaapa, lakini wanaume si ndio zao kuapa?"

"Rehana..."

"Usimtetee! Najua ni mwanao. Anamuua mwanangu kwa uchafu wake, na mimi nikamzaa katika uchafu huohuo." Akamsogelea, bega kwa bega. "Nimebaki na wewe tu, Mama."

Ndani ya wodi mashine ililia mara moja, ikanyamaza.

Rehana akamega mkate, akauchovya kwenye chai, akampelekea mkwewe mdomoni.

"Kula. Tangu jana hujatia kitu."

Mwanakombo alifumba midomo. Mkono wa Rehana ulibaki umenyooshwa, mkate ukizidi kulainika, na chai ikamtiririka kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko.