Neno Lililoliwa na Upepo

Vizma alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, miguu kaikita kwenye matope ya uwanja wa kanisa, wala hakuwa na wasiwasi. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili tangu ahamie Latvia kutoka Kanada alikozaliwa, na wanakijiji bado walimtania kwamba anaongea kama bibi kizee.

Siku hiyo walikuwa wanateremsha kengele kubwa ikatengenezwe. Fundi Tālivaldis alikuwa kwenye jukwaa la mbao katikati ya mnara, nyuma ya turubai lililolifunika, akiiongoza isigonge ukuta. Chini, kamba ilizungushwa kwenye gogo, ikashikwa na Vizma na jirani yake, mzee Ojārs.

Kengele ilipokaribia jukwaa, fundi akapaza sauti. Turubai likapiga kofi kwa upepo; wakasikia mwanzo na mwisho tu: "Laid… ā!"

Kwa Kilatvia, hapo bado hujaambiwa kitu. Laid lejā ni teremsha. Laid vaļā ni achia kabisa. Kitenzi ni kilekile. Kinachoamua ni kineno kinachofuata.

"Achia!" Ojārs akasema, mikono ikianza kulegea. "Imeshatua kwenye jukwaa."

"Umelisikia neno lote, mzee?"

"Nimesikia ya kutosha. Mimi nimezaliwa humu, binti. Wewe lugha umefundishwa jikoni na bibi yako."

"Na alinifundisha vizuri. Shika kamba!"

Akaongeza mzunguko mmoja kwenye gogo, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. "Lejā au vaļā?" akaita. Akaita tena, kwa sauti iliyowarusha kunguru paani.

"Lejā! Polepole, jamani, niko chini yake!" fundi akajibu.

Ojārs akaikamata kamba kama mtu anayezama. Wakaiteremsha kidogo kidogo hadi kengele ikakaa kwenye nyasi.

Tālivaldis aliposhuka alimaliza kwanza kipande cha mkate mweusi na jibini.

"Mimi nilisikia vaļā," Ojārs akanung'unika.

"Mikono yako ndiyo iliyosikia, ilishachoka," Vizma akamjibu, na mzee akacheka bila kupenda.

"Bado kengele ile ndogo," fundi akasema akijifuta makombo. "Safari hii nitaanza na kineno, maana mwanzo husikika, ndipo kitenzi. Vizma, wewe kaa mbele."

Vizma alikuwa ameshaishika kamba.