Mitambuu ya Mwanabaraka

Mwanamke aliye edani hatakiwi kutangatanga, na Mwanabaraka alikuwa hajui kutulia. Nje, ng'ambo ya kisima, miche yake ya mitambuu ndiyo kwanza inaanza kutambaa kwenye miti yake, naye haruhusiwi hata kuichungulia.

Na miche hiyo ndiyo maisha yake. Shemeji yake, Sadallah, alitamka mbele ya watu siku ya kuanua matanga: "Ikitoa tambuu ya kutafunwa kabla ya eda kwisha, nyumba na shamba ukae navyo. Isipotoa, urudi kwa ndugu zako Winde." Alikuwa na hakika haitatoa. Mtambuu mchanga una deko kuliko mtoto wa kwanza.

Kuitunza kulimwangukia wifi yake, Ashatu, mwenye moyo mweupe na masikio mazito. Kila alasiri Mwanabaraka alimhoji.

"Maji umeimwagia, wifi?"

"Nimeimwagia. Na makuti ya shinani nimeyaondoa, nayo ipate jua."

"Wallahi utaniua! Mizizi yataka ubaridi, kichwa ndicho kitakacho jua. Yarudishe sasa hivi!"

Ashatu akatoka mbio. Mwanabaraka akabaki akikaa, akisimama, akimlaumu marehemu mumewe kwa kufa wakati wa kupanda.

Siku ya khitma ya arobaini wageni wakajaa, wanaume barazani, wanawake ndani. Sinia la tambuu likapitishwa. Mwanabaraka alipoyaona yale majani, madogo, mororo, moyo ulimpasuka.

"Wifi, tambuu hizi umezipata wapi?"

"Sokoni hakuna, na wageni wataondokaje midomo mikavu?" Ashatu akajibu, uso ukimng'aa. "Nimechuma zako zote."

Zote! Alitamani ampige kwa lile sinia. Mara akasikia sauti ya Sadallah barazani, mdomo umejaa.

"Tambuu laini hii! Imetoka wapi?"

Mwanabaraka akasogea hadi kwenye pazia, akapaza sauti.

"Kwangu, shemeji. Unatafuna miche yangu. Na wageni wote ni mashahidi, eda haijesha."

Baraza zima likaangua kicheko. Sadallah akatema upesi, lakini mate mekundu yalikwisha mfika kidevuni.

"Ulisema mwenyewe, bwana," mzee mmoja akamwambia. "Nyumba na shamba ni vyake."

Ndani, Mwanabaraka hakucheka. Nyumba na shamba amevipata, lakini miche haina jani hata moja la kuuza; atakula nini humo?

"Chukua ndoo, ukavimwagie maji hivyo vijiti ulivyoniachia," alimwambia Ashatu, machozi yakimtoka. "Na tafadhali, wifi yangu, usinisaidie tena."