Kutwa Mara Tatu

Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, hawezi kupokea kitu bila kukitafutia ukoo. Ukimpa sahani, atakuambia neno "sahani" limetoka wapi, limepitia wapi, na nani aliliharibu njiani. Chakula kinapoa, yeye bado yuko safarini na sahani. Mtaani wakambandika jina Kamusi kwa kumcheka, naye akalipokea kama cheo. Kamusi gani hiyo isiyojua hata bei ya sabuni! Tangu kiwanda cha uchapaji alikokuwa anasahihisha maandishi kifungwe, amehamia kwenye kochi letu. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivuma sebuleni kwangu.

"Kijana wangu ana kichwa," mama mkwe husema. Kichwa anacho kweli. Ndicho kilichochakaza mito yangu.

Mama huyo, tunayeishi naye, ana kisukari. Kwa miaka mingi nilimpa vidonge vyake mimi mwenyewe: asubuhi kabla ya kwenda kwenye cherehani, mchana nikirudi mara moja, na jioni. Mume wangu dereva wa lori, nyumbani ni mgeni. Basi pale cherehani tukapata kazi ya sare za shule, na fundi mkuu akasema tuingie alfajiri na hakuna mtu kutoka mpaka usiku. Nikamkabidhi Kamusi pakiti ya dawa.

"Kimoja, kutwa mara tatu. Imeandikwa, shemeji, usome tu."

"Leo wewe ndiye wa kunifundisha mimi kusoma?"

Niliporudi, giza limeshaingia. Mama ameegemea ukuta, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Pembeni, Kamusi na jirani yetu mstaafu wanapiga soga.

"Amechoka tu," Kamusi akasema.

Hospitalini wakamtundikia dripu. Daktari akatoka na uso wa kazi. "Sukari imeshuka vibaya sana. Mngechelewa kidogo mngempoteza. Nani anampa dawa?"

Kamusi akakohoa, kama aliyeitwa jukwaani. "Mimi, na nilifuata maandishi. 'Kutwa', daktari, ndiyo 'kuchwa': jua kuzama. Ndiko yalikotoka machweo. Mchana kutwa ni mchana mpaka jua lichwe. Watu wamelipotosha tu neno la watu. Kwa hiyo asubuhi na mchana sikumpa. Jua lilipozama nikampa mara tatu: kimoja, kingine, kingine."

"Alikuwa amekula?"

"Hilo halikuandikwa."

"Kutwa mara tatu ni asubuhi, mchana na jioni. Nani asiyejua?"

"Hayo ni matumizi, daktari. Mimi nazungumzia asili."

Mkono uliniwasha kumzaba kofi. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba asili yenyewe alikuwa ameipata barabara. Alijua neno lilizaliwa wapi, hajui linaishi wapi. Mjuaji mkubwa! Nilimdharau mpaka nikaona kinyaa kukaa naye benchi moja.

Asubuhi mama akafumbua macho, akanitambua. Nikalia kwanza, halafu hasira zikanirudia.

"Mama, dawa hii umeinywa miaka yote. Hukuona kwamba anakosea?"

"Niliona."

Nikadhani bado hajapata fahamu vizuri. "Uliona? Sasa kwa nini ukameza?"

"Jirani alikuwepo." Akapumzika kidogo. "Na kijana wangu alikuwa anaeleza vizuri, hujapata kumsikia. Tangu apoteze kazi, nani mwingine anamsikiliza? Ningemkatiza mbele za watu, angebaki na nini?"

Nikamvutia shuka.

"Usimwambie kwamba nilijua," akasema. "Utaniulia mtoto."

Nikatoka. Kamusi alikuwa ukumbini, amemsimamisha mfagiaji na ndoo yake, anamweleza neno "wodi" limetoka wapi. Matusi yalikuwa yamenijaa mdomoni, mengine ya kumwambia mara moja tu maishani. Nikayameza yote, moja, jingine, jingine.

"Shemeji," nikamwambia, "mama anakuita. Anataka umweleze tena lile neno."